Sauti ya Mtawala wa Dameski

Mimi huua watu kabla ya chai ya saa nne. Jumatatu naua kumi na wawili, Jumanne nateka mji, Jumatano napumzika kidogo, namwoza binti wa sultani kwa kijana asiye na hata farasi. Siyo kazi ya kujitambulishia kwa wakwe, lakini ina nafuu. Kabla yake nimebeba mizigo ya watalii kupanda Mlima Meru, nimeuza mitumba soko la Kilombero, na nimekaa mahabusu miezi minne kwa ajili ya jiwe la thamani la Mererani ambalo mwishowe lilionekana ni kipande cha chupa. Maisha yamenifinyanga kwa ngumi, nami nimejifunza kucheka kabla ngumi haijafika.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Unazijua: picha ya kigeni inakwenda, na juu yake kuna jamaa mmoja anapayuka kwa Kiswahili, sauti zote zake, mfalme yeye, malkia yeye, farasi yeye. Farasi huyo ndiye mimi. Kituruki sijui hata neno la kuombea maji. Nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nayameza, nayatoa kwa Kiswahili, na pale nisipoelewa natia utani. Studio ni chumba nyuma ya saluni ya dada yangu Ndeshi, mtaa wa Sekei. Ukutani nimebandika trei za mayai na magodoro mawili ya zamani. Ndeshi akiwasha draya ya kukausha nywele, inabidi vita visimame.

Jina langu ni Abdieli Nkya, mtoto wa mwinjilisti wa Machame. Lakini kwenye bango langu la kwanza herufi hazikutosha, fundi akaandika "DJ ABDI" akaishia hapo. Nilitaka kulalamika. Kisha nikaona watu wanavyoipakua kazi yangu, kwa sababu tamthilia ilikuwa ya masultani na vita vya msalaba, na watazamaji wengi waliamini Abdi ni Abdi kama Abdi wengine. Kwenye maoni wakaanza kuniita sheikh. Sikukanusha. Mtu aliyewahi kuitwa "mshtakiwa namba tatu" hakatai kuitwa sheikh.

Tamthilia yenyewe ilihusu mambo ya miaka karibu mia tisa iliyopita, huko Sham. Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja, mtawala wa mji ambao mimi niliusoma kama Waingereza walivyouandika, Damasikasi. Mzee huyo alikuwa ameweka mkataba na Wazungu wenye misalaba vifuani. Waliotengeneza picha hawakumpenda hata kidogo. Kila akitokea walimpigia muziki wa nyoka, wakampaka wanja kupita kiasi, wakamwekea paka mweusi mapajani. Maandishi ya chini yalimwita msaliti.

Sasa, neno msaliti lina ile s katikati, na maiki yangu ya Kichina inaichukia s. Nikisema "msaliti" inapiga mluzi kama birika. Nilirudia mara tatu, mluzi uleule. Mara ya nne nikasema "mnafiki". Likapita laini kama parachichi. Nikaendelea na kazi. Ni hivyo tu. Neno lilichaguliwa na maiki.

Halafu kila mhusika anahitaji sauti, na mzee yule nilimpa sauti ya Mwalimu Hatibu.

Mwalimu Hatibu alinifundisha historia sekondari. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kusema jambo, akiyavuta maneno kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe mkaidi, na mwisho wa kila kipindi aliuliza, "Tumeelewana, au tumesikilizana tu?" Nimemwigiza tangu kidato cha kwanza. Niliwahi kuchapwa kwa kumwigiza, na yeye mwenyewe ndiye aliyechapa huku anacheka. Kwa hiyo nilimpa mtawala sauti ile kwa mapenzi, zawadi kwa wale tuliosoma pamoja. Mzee kwenye picha anatia muhuri mkataba, anainua macho kuwatazama Wazungu. Nakohoa mara mbili. "Tumeelewana, au tumesikilizana tu?" Kisha kwa sauti nzito ya msimulizi: "Mnafiki huyooo!"

Vicheko vilipita ukutani kutoka saluni. Ndeshi akaja mlangoni na kitana mkononi.

"We Abdieli, huyo si Mwalimu Hatibu wa Akheri?"

"Huyo ni mtawala, dada. Ana jeshi."

"Ana kikohozi cha Mwalimu Hatibu."

"Kikohozi hakina hakimiliki."

Alicheka. Kisha akaacha, akatazama nyuma yake. "Kuna mteja wangu pale wa Akheri," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye hajacheka."

Wiki mbili baadaye nchi nzima ilikuwa inakohoa. Kipande kile cha muhuri kilizunguka kwenye simu. Mchezaji akikosa penalti, mnafiki huyo. Machalii, vijana wa mtaa wa Ngarenaro, wakikutana asubuhi, wanakohoa mara mbili ndiyo wanasalimiana. Mimi nilitembea mjini nikisikia kikohozi changu kinanitangulia kila kona, nikajiona mtu mkubwa.

Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi Akheri, chini ya mlima. Sisi wanafunzi wake tulipenda kusema mwalimu yuko Akheri, hajafika akhera. Utani huo nimeuacha. Ni Mmeru wa palepale, alizaliwa katika nyumba ya Walutheri akabatizwa Anaeli, akasilimu akiwa chuo cha ualimu, akaoa mwanamke wa Kondoa, akamzika. Ndugu zake bado wanaimba kwaya usharikani. Kwa kuwa alikuwa na watu wake pande zote mbili, ndiye aliyeandika mkataba wa mfereji. Maji yanatoka mlimani, yanapita kwanza kwenye shamba la usharika, kisha kwa msikiti na majirani zake. Siku tatu hawa, siku tatu wale, ya saba maji yanaachwa yaende mtoni. Mkataba huo ulikuwa umesimama miaka kumi na minane bila mtu kushikana shati.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja mchana. Meru ilikuwa imejifunika wingu hadi mabegani. Nilisimama kwenye genge lililo njia panda kununua ndizi za kumpelekea, nikamuuliza mama muuzaji kama Mwalimu yupo nyumbani. Hakuinua macho.

"Nani? Mtawala?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kilikuwa kicheko changu, nilichokitengeneza mimi kwa mikono yangu Sekei, lakini mtu alikuwa amekitoa furaha ndani yake.

Mwalimu nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anatazama shamba lake la migomba. Migomba ilikuwa imelala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Abdieli. Au niseme sheikh?"

Nilitamani ardhi inifungulie mlango. Yeye akanisogezea kigoda kingine. "Kaa. Kikohozi umekipatia. Ule mvuto wa maneno umezidisha kidogo."

"Mwalimu, hii migomba..."

"Kumi na mmoja. Jana, wakati nipo kwenye swala ya adhuhuri. Mchana kweupe. Hawakuchukua hata mkungu mmoja."

Watu wa mlimani hawahitaji kuelezwa. Anayekukatia mgomba na kuuacha na mkungu wake hakutafuta chakula. Amekwambia panga likimaliza migomba litafuata mgongo wako.

"Ni vijana wa msikitini?" niliuliza.

"Sijui. Hilo ndilo baya. Wiki iliyopita vijana wa usharika walifungulia maji siku isiyo yao. Nikaenda kuwaambia. Wakakohoa mara mbili, wakasema, 'Tumeelewana, mtawala wetu!' Wakanipigia makofi. Mmoja amechapisha fulana yenye maneno hayo." Alitikisa kichwa. "Hao wananisifu, Abdieli. Na kila wanaponisifu, wenzangu wa upande wa pili wanahesabu siku za maji walizokosa, halafu wananitazama."

Kisha akaniuliza swali kama alivyokuwa akiuliza darasani, bila hasira, akisubiri kweli jibu. "Kwa nini ulisema mnafiki?"

"Ni maiki, Mwalimu. Nikisema msaliti inapiga mluzi."

"Maiki."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwenu mnafiki ni jirani anayekuchekea, kisha anakwenda kukusema kwa mama mkwe wako. Kwetu neno hilo lina sura yake nzima kwenye Kitabu. Ni mtu aliyeingia kwa mdomo, moyo akauacha nje ya mlango. Sasa nitazame mimi niliyezaliwa naitwa Anaeli. Miaka arobaini na mitatu naswali safu ya mbele. Ijumaa iliyopita aliyekuwa kando yangu alikuwa anaitazama midomo yangu, kuona kama inasema kweli."

Nikamuuliza mzee yule wa kwenye picha alikuwa nani hasa.

Hapo uso wake ukafunguka. Mwalimu ni mwalimu hata nyumba ikiungua.

"Alikuwa na mji mzuri katikati ya wakubwa wawili. Upande huu Wazungu. Upande ule bwana wa Mosul na Halabu, Mwislamu mwenzake, aliyetaka kuumeza mji. Basi akaweka mkataba na Wazungu ili usimezwe. Miaka michache baadaye Wazungu haohao wakaja na majeshi ya ng'ambo kuuzingira. Unajua nani alisimama ukutani kuwafukuza? Huyohuyo. Walikaa siku chache wakaondoka. Tangu hapo kila zama wanamfukua na kumvika nguo wanazotaka. Mara mjanja, mara mwoga. Safari hii wamempa paka."

"Kwenye tamthilia wanamuua, Mwalimu. Sehemu ya arobaini na moja. Watu wa mji wanamvuta hadi uwanjani."

"Kwa nini?"

"Mawe na majembe."

"Nimeuliza kwa nini, siyo kwa kitu gani." Akatabasamu kidogo. "Alikufa kwa maradhi, kitandani kwake."

"Naweza kurekebisha. Picha siwezi, maneno naweza. Nitawaambia watu ukweli."

"Hapana." Alisema haraka. "Usitie mkono tena. Jumamosi ijayo ni siku ya kusafisha mfereji. Nitasimama pale kwenye mlango wa maji, niusome mkataba kama kila mwaka. Wakikubali tena mbele ya watu, haya yote yataisha. Wewe nyamaza tu, Abdieli. Kwa mara moja katika maisha yako."

Jumatatu akanipigia Swalehe. Swalehe ana banda la video karibu na soko la Tengeru, ndiye msambazaji wangu upande ule. Hatujawahi kuonana, ni sauti kwa sauti, na kwake nilikuwa nikiongea kwa ile sauti nzito ya kazini. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Asalaam alaikum, Sheikh Abdi."

"Waalaikum salaam, kaka."

"Watu wanaingojea ya arobaini na moja. Nimeazima projekta kubwa. Tutaionyesha Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mfereji."

"Mfereji unahusianaje na sinema, Swalehe?"

"Hauhusiani, sheikh," alisema taratibu. "Ni kalenda tu ilivyokaa."

Baada ya simu ile sikuweza kunyamaza. Mwenye akili angeichelewesha sehemu ile, angesema umeme umekatika, Tanzania hakuna asiyeamini hilo. Mimi nikaona nina deni la maneno, na maneno ndiyo pekee ninayoyaweza. Alhamisi asubuhi nilimwomba Ndeshi azime draya zote. Akawaambia wateja wangoje na vichwa vibichi.

Kwenye picha wakamtoa mzee ndani, wakamvuta kwa ndevu. Maandishi yalisema, "Afe msaliti!" Sikuyasoma. Nikaanza kueleza. Nilieleza mji, wakubwa wawili, mkataba, kuzingirwa. Nilisema ninyi mnaomwona huyu na paka mapajani, paka ametoka kwa watengeneza picha. Nilisema neno mnafiki lilikuwa langu, nililitumia vibaya, nimelirudisha. Dakika nane bila utani mmoja. Farasi walikuwa wanapita na hakuna aliyelia. Nikamaliza nikiwa na jasho: "Mtu huyu ndiye aliyesimama ukutani mwa Dameski! Dameski isingekuwepo bila yeye! Kaulizeni Dameski!"

Nilipotoka Ndeshi alikuwa anafuta macho. "Baba angekusikia," alisema, "angekupa mimbari."

Ijumaa saa kumi na nusu simu ikalia.

"Abdi," alisema Swalehe. Sheikh haikuwepo.

"Nakusikia, Swalehe."

"Dameski ni wapi?"

"Ni... si mji ule."

"Mji ule naujua. Sisi tunasema Sham. Wewe ulikuwa unasema Damasikasi, sehemu arobaini zote. Nauliza Dameski imetoka wapi? Kuna dada hapa alisoma shule ya misheni, anasema amelikuta kwenye Biblia. Mtu mmoja alikuwa njiani kwenda huko akaanguka."

Sikusikia neno hilo likinitoka. Wala Ndeshi hakulisikia. Baba alihubiri ile safari ya Sauli kila Januari, nami nilikaa benchi la mbele miguu haifiki chini. Nilipokuwa nasoma maandishi, mdomo ulifuata maandishi. Nilipoacha kusoma nikasema ya moyoni, mdomo ulirudi nyumbani.

"Jina lako kamili nani, kaka?" aliuliza, bado kwa upole.

Nikamwambia.

"Na Mwalimu Hatibu alikufundisha?"

"Historia. Swalehe, naomba unisikilize..."

"Watu mia mbili wamekusikiliza, kaka. Wamesikiliza wote mpaka mwisho." Akakata.

Kabla jua halijazama, picha ya baba na kola yake ya uinjilisti ilikuwa kwenye kila kundi la simu, kando yake picha ya Mwalimu, na chini yake: *Mwanafunzi ni Abdieli. Mwalimu ni Anaeli. Sasa mmeelewa?* Upande wa msikiti waliituma kwa uchungu. Upande wa usharika waliituma kwa shangwe, wakaongeza vibonzo. Ilikuwa picha ileile.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimpigia Mwalimu.

"Mwalimu, usiende."

"Mwaka wa kumi na tisa nisiende?"

"Nimeharibu, Mwalimu."

"Najua. Umesema Dameski." Akacheka kicheko kifupi kikavu. "Hata mimi nilipokuwa mdogo niliujua kwa jina hilo. Nisipokwenda, Abdieli, watasema nimekimbia na maji yao."

Nilifika Akheri saa mbili. Siku ya kusafisha mfereji kila mtu huja na jembe, koleo au mundu, kwa hiyo hakuna anayeweza kumuuliza mwenzake kwa nini ameshika chuma. Miaka mingine watu huchanganyika, wanataniana, akina mama wanaleta uji. Siku hiyo uji haukuwepo, wala akina mama. Walisimama kwenye kingo mbili, huku usharika, huku msikiti, mfereji katikati umejaa hadi magotini. Mchungaji alikuwa ametuma barua ya udhuru. Imamu alikuwa Moshi kwenye mazishi. Ndege hawakuwa wanalia, au walikuwa wanalia na mimi sikuwasikia.

Mwalimu alipanda kwenye jiwe lililo kwenye mlango wa maji. Alifunua karatasi. Ana miaka sabini na kitu, na asubuhi mlimani kuna baridi. Akakohoa. Mara mbili.

Kutoka ukingo wa usharika mtu akamjibu kwa kikohozi. Wengine wakadakia, wakaangua kicheko, mmoja akapiga kelele, "Semaaa, mtawala!" Ukingo wa pili hakuna aliyecheka.

"Ndugu zangu," alisema Mwalimu, na maneno yakavutika kama yalivyovutika siku zote. Kicheko kikazidi. Hapo nilielewa nilichofanya. Nilikuwa nimemwibia mtu sauti yake angali hai. Chochote alichosema sasa, alisema mzee wa paka. Nadhani na yeye aliliona hilo, maana ghafla alibadilika. Akaanza kusema haraka haraka, bila kuvuta, kama mtu mwingine. Akakwama, akarudia, akakwama tena.

"Mwoneni," alisema mtu ukingo wa msikiti, na hakusema kwa kelele. "Sasa anaigiza."

Mikono ikahama kwenye mipini ya majembe, kidogo tu, kama mtu anavyotafuta pa kushika vizuri.

Nikapanda kwenye jiwe. "Jamani, mimi ndiye DJ Abdi. Sauti ile ni yangu. Mwalimu hajui lolote. Neno lile nililisema mimi, tena kwa sababu ya maiki, inakataa s..."

Sauti yangu ya kweli, ile niliyozaliwa nayo, ni nyembamba. Ilifika katikati ya maji ikaishia hapo.

"Huyu?" Jamaa wa usharika alinyoosha mundu kunielekea. "DJ Abdi ana kifua. Huyu anaongea kama mtu aliyebanwa na mlango!"

"Eti neno limechaguliwa na maiki!"

"Wamemleta shahidi wa kuokoteza!"

Nikaapa. Nikataja jina la baba. Kila nilichoongeza kilizidi kuonekana uongo, na kila uongo ulimwangukia aliyesimama kando yangu. Ndipo mtu mmoja mfupi, nadhifu, kofia nyeupe, aliyekuwa ameegemea koleo, akasogea hadi ukingoni mwa maji. Nilimtambua alipofungua kinywa.

"Kama ni wewe, kaka," alisema Swalehe, "ifanye ile sauti."

Nilimtazama Mwalimu. Nikikataa, yeye ndiye aliyeleta shahidi wa uongo. Nikikubali, namvua nguo mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Yeye alikuwa anatazama maji.

Nikaifanya. Nilichukua pumzi toka tumboni, nikasema kwa sauti ya mtawala kwamba mji huu ni wenu wote, kwamba nimeweka muhuri ili watoto wenu wasilie kiu. Ilitoka vizuri kuliko siku zote, nzito, yenye mvuto, ikafika kingo zote mbili na kurudi. Sikuacha hapo. Nikasema ni mimi, nimemwiga kwa kumpenda. Hata hilo nililisema kwa sauti yake. Sikuweza tena kuitoa mdomoni.

Hakuna aliyecheka, hata usharika. Tulikuwa wazee wawili juu ya jiwe moja, wenye sauti moja.

"Ni yeye," alisema Swalehe. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na huzuni ya mtu aliyetumaini kukosea. "Basi ni kweli, wote wawili ni wa usharika. Wamefundishana."

Neno hilo likapita nyuma yake, mtu kwa mtu, hadi mwisho wa ukingo. Mmoja akaingia mferejini na jembe lake, akija kwenye jiwe letu, akafuata wa pili, wakafuata wengi. Ukingo wa usharika walipoona hivyo na wao wakaingia, wengine wakisema wanakuja kumlinda mtu wao, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Mfereji ulijaa miguu mpaka maji yakaacha kwenda, yakaanza kupanda polepole pembeni.

Mwalimu alikunja karatasi ya mkataba, akaitia mfuko wa ndani. Kisha akavua miwani yake, akaikunja taratibu, mkono wake mmoja kisha wa pili, akanipa.

"Nitunzie," alisema. "Usimame nyuma yangu."

Nikaipokea. Vioo vilikuwa bado na joto la uso wake.